Nani Anakufukuza, Mama Kiplimo

Wasikilizaji wapendwa, kama hapo kwenu kuna mtu bado amelala, mwache alale. Punguza sauti ya redio kidogo, usogee karibu. Leo sitaongea kwa nguvu. Huyu tunayemkumbuka hakuwa mtu wa kelele. Kwake kitu kilichokuwa na sauti ni miguu.

Nitataja jina lake, halafu nitalirudia, ndiyo hata aliyechelewa kufungua redio asipotee. Anaitwa Jepleting. Mama Kiplimo. Ni yule mama wa sweta ya kijani, aliyekuwa anakimbia asubuhi ndani ya ukungu, hapa juu Molo, na mtungi wa maziwa mkononi. Nafikiri unamjua. Kama wewe ni dereva wa lori la waru, yaani viazi, au unaamka mapema kukama, lazima mlishawahi kupishana.

Jepleting amekufa. Tulimzika Jumamosi nyuma ya boma yao, karibu na ule mstari wa mikaratusi.

Hakuwa mwanariadha. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia mama wa huku anakimbia, wanauliza alishinda wapi. Hakushinda mahali. Hakuwa na kikombe wala medali. Alikuwa mama wa watoto watatu, bibi ya dereva wa lori, na alikuwa na ng'ombe wa kukama, shamba ya waru, na mama mkwe wa kuangalia. Alikimbia ndiyo asife. Basi. Wasikilizaji, shikeni hiyo, kwa sababu kila kitu nitasema leo kinarudi hapo. Jepleting alikimbia ndiyo asife.

Mama yake mzazi aliangushwa na presha jikoni, mwiko mkononi. Hakuamka tena. Jepleting alikuwa msichana wa shule, amesimama hapo mlangoni na kuni, akaona yote. Hiyo picha hakuwahi kuitoa kwa macho.

Sasa, alipozaa mtoto wake wa tatu, alikuwa anaumwa na kichwa kila siku. Akashuka Nakuru kuona daktari. Daktari akampima mkono mmoja. Akampima mkono wa pili, akaandika dawa.

Chepkemoi anakumbuka vile alirudi. Chepkemoi ni mke wa Kimeli, na Kimeli ni ndugu ya Kimutai, bwana ya Jepleting. Wote wanaishi boma moja. Nilikaa na Chepkemoi kwa jiko yake, akaniambia hivi:

"Aliingia hapa, hata hakutoa lesso kwa kichwa. Akasema, 'Chepkemoi, niko na ugonjwa ya mama.' Nikamwuliza daktari amesema nini. Akasema amepewa dawa, na ameambiwa akimbie. Mimi nilicheka, siwezi kudanganya. Nikamwambia, 'Ukimbie saa ngapi? Kwani siku yako iko na asubuhi mbili?' Akaniangalia tu. Akasema, 'Nitaiba.'"

Na kweli aliiba. Hakupata masaa mapya, wasikilizaji. Aliiba kwa kazi ile ile alikuwa nayo. Maziwa yao ilikuwa inabebwa na boda mpaka pale juu kwa kona, mahali lori zinapakia waru, ndiyo ichukuliwe na gari ya maziwa. Jepleting akasema, boda ikae, mimi nitapeleka. Akienda, mtungi umejaa, anatembea haraka tu. Maziwa haitaki kurukishwa. Akirudi, mtungi ni tupu, anakimbia. Anakimbia kutoka kwa kona mpaka geti. Anafika kabla watoto hawajamaliza kugombania sabuni.

Na haikuwa hiyo tu. Chai ikiwa kwa moto, anachuchumaa na kusimama, anachuchumaa na kusimama, mtoto mgongoni. Kiplimo, kifungua mimba wake, alijifunzia kuhesabu hapo. Mama anachuchumaa, Kiplimo anahesabu kwa sauti. Akikosea, mama anaanza tena. Kiplimo alisema kanisani Jumamosi kwamba hesabu zake zote zinanuka moshi na maziwa. Watu wakacheka. Halafu wakalia.

Wale vijana wa kupakia waru walimzoea. Kila asubuhi walikuwa wanamchokoza.

"Mathe, nani anakufukuza?"

"Presha."

"Na akikushika?"

"Akinishika nyinyi mtakunywa chai ya rangi mpaka mzeeke."

Ikawa ndiyo salamu. Hata mwalimu wa Sunday school akipita na baiskeli, "Nani anakufukuza, Mama Kiplimo?" Na yeye anajibu presha, anacheka, anaendelea. Akirudi kliniki, presha imeshuka. Akirudi tena, imeshuka zaidi. Maumivu ya kichwa yakaisha. Hata mimi alinipita siku moja kwa barabara, nilikuwa mdogo naenda shule. Nilisikia hatua kwanza. Ta, ta, ta, ta. Ukungu ulikuwa mzito, sikuona mtu. Halafu sweta ya kijani ikatoka, ikapita, ikaingia tena kwa ukungu. Nikabaki nimesimama.

Wasikilizaji wapendwa, sasa tunafika kwa ile asubuhi.

Chepkemoi alikuwa amejifungua mtoto msichana. Wengi wenu mnajua desturi ya huku kwetu. Mtoto mchanga hapewi jina tu hivi hivi. Wamama wazee wanakaa naye kwa nyumba, wanaita majina ya watu wa ukoo waliokufa. Jina moja, halafu jina lingine. Mtoto anaangaliwa. Akipiga chafya kwa jina fulani, basi huyo ndiye amerudi, na hilo ndilo jina. Majina ya waliokufa. Narudia hapo, tafadhali. Ni majina ya waliokufa peke yake. Mtu aliye hai haitwi. Na ukianza kuita huwezi kuacha katikati. Mlango haufunguliwi kwa mtu wa nje mpaka mtoto ajibu.

Aliyekuwa anaita ni Kogo, yaani nyanya, mama mkwe wa Jepleting. Kogo ako na ugoro wake kwa kikopo kidogo. Mtoto akichelewa sana, ananusishwa kidogo, ndiyo chafya itoke. Hiyo asubuhi mtoto alikataa. Kogo aliita jina la mama yake mwenyewe, mtoto kimya. Akaita shangazi zake, mtoto kimya. Macho wazi, anaangalia paa.

Halafu pikipiki ikasimama nje.

Ilikuwa Sitati, wa boda. Hakuingia. Aliongea kupitia dirisha, na wamama wote walimsikia.

"Mama Kiplimo amelala pale kona ya waru," akasema. "Haamki."

"Amegongwa na lori?" mama mmoja akauliza.

"Sijaona lori. Nimeona yeye. Macho ni wazi. Sweta ni ile ya kijani. Kiatu moja iko na kamba nyeupe, ingine kamba nyekundu. Niliogopa kumgusa. Nimekuja kuita wanaume."

Kimeli na wanaume wengine wakatoka mbio. Kimutai alikuwa safarini na lori. Ndani, wamama wakaanza kulia, lakini hakuna aliyesimama. Mtoto alikuwa bado hajajibu. Chepkemoi anasema Kogo alilia bila sauti, machozi yanaanguka kwa blanketi ya mtoto. Halafu akafanya kitu ambacho mtu wa huku tu anaweza kufanya. Kama Jepleting amekufa, basi naye ni mmoja wa wale wa kuitwa.

Kogo akainama. Akasema, "Jepleting."

Mtoto akapiga chafya.

Kogo mwenyewe aliniambia hivi, na sauti yake ninayo kwa rekoda: "Ugoro ilikuwa bado kwa mfuko yangu. Sikuwa nimefungua. Alijibu peke yake."

Wamama walikuwa hawajafuta machozi, mlango wa nyuma ukafunguka. Ule wa upande wa ng'ombe. Jepleting akaingia. Anatoa jasho, mtungi tupu mkononi, nyasi imeshika kwa soksi. Ukungu ulikuwa umemfanya apite njia ya chini, ya mashamba, asigongwe na gari. Akawaangalia.

"Mnalia nini?"

Chepkemoi anasema hata kuni ziliacha kulia kwa moto.

"Kwani ni nani amekufa?" akauliza tena.

Mama mmoja akaanza kumwomba Mungu kwa nguvu. Ikabidi Kogo amwambie. Akamwambia yote, habari ya Sitati, habari ya kona, habari ya chafya. Jepleting akasikiza. Halafu akainua mguu mmoja, akainua wa pili, kama ng'ombe anapimwa kwato. Kamba zote zilikuwa nyeupe.

"Si mimi huyo," akasema. "Mimi sina kamba nyekundu."

Watu wakapumua. Wanaume nao wakarudi. Kimeli akasema hawakupata mtu pale kona. Hawakupata damu. Hawakupata hata nyasi iliyolaliwa. Umande ulikuwa umekaa vile ulikaa usiku.

Sitati hakubishana sana. Lakini mpaka leo hajabadilisha neno. Nilimpata steji, amekaa juu ya pikipiki, akaniambia, "Dada, mimi sinywi. Hata chang'aa sijui inanuka aje. Niliona mama amelala. Niliona kiatu."

Sasa, jina lilikuwa limeshachukuliwa. Hilo ndilo tatizo. Mtoto akishajibu, hakuna kurudisha. Kwa kadi ya kliniki wakamwandika Chepchumba. Wakamwita Chepchumba, wakamwita na vijina vingine vya kubembeleza. Mtoto hageuki. Lakini mtu akisema Jepleting pale nje, vichwa viwili vinageuka. Cha mama aliyeinama kwa ng'ombe, na cha mtoto aliye mgongoni kwa mama yake.

Kogo akakataza hilo jina lisiitwe kwa boma. Tangu hapo Jepleting akawa Mama Kiplimo peke yake. Chepkemoi anasema siku moja alimkuta anaosha mitungi, akamwambia, kama mzaha, "Unajua nimebaki na jina ya mtoto wangu tu? Yangu imeenda na mtoto yako." Akacheka. Akaendelea kuosha. "Kitu yangu imebaki ni ile mbio ya asubuhi."

Na mbio hakuacha. Aliendelea. Ila sasa kulikuwa na mambo.

La kwanza, miguu ya mtoto. Asubuhi Mama Kiplimo akitoka na maziwa, mtoto ametulia. Ile saa mama anaanza kukimbia kurudi, mtoto amelala kwa kitanda, miguu inaanza. Inapiga blanketi. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Macho amefunga. Miguu ikisimama, Chepkemoi anahesabu kidogo, halafu anasikia geti.

La pili, Mama Kiplimo alimwambia Chepkemoi peke yake. Walikuwa wanachambua waru, mbaya huku, nzuri huku.

"Siku hizi kuna mtu anakimbia nyuma yangu."

"Nani?"

"Sijui. Ni kwa ukungu. Nikisimama, anasimama. Nikiendelea, anaendelea."

"Na huogopi?"

"Ni hatua ndogo, Chepkemoi. Ni kama za mtoto. Mimi nimezoea watoto kunifuata, hata choo wananifuata."

Wakacheka wote wawili. Lakini Chepkemoi anasema waru ilimwanguka mkononi, kwa sababu mtoto wake wakati huo alikuwa hajajua hata kukaa.

Wale vijana wa kupakia nao waliona amebadilika. Walimwuliza kama kawaida, "Mathe, nani anakufukuza?" Siku hizo hakusema tena presha. Alikuwa anaangalia nyuma kidogo, anasema, "Ngoja apite mtamwona."

Wasikilizaji wapendwa, miaka ikaenda hivyo. Mtoto akakua. Akajua kutembea, akajua kukimbia, akawa anamfuata anti yake, Mama Kiplimo, mpaka geti kila asubuhi. Lakini hofu ya Kogo haikulala. Kwake hesabu ilikuwa rahisi. Majina mawili, watu wawili, na mmoja aliitwa kama maiti. Mmoja atampisha mwenzake. Na akifa, atafia pale kona ambapo Sitati aliona.

Siku moja kabla ya mvua kubwa, Kogo akamwita Mama Kiplimo mbele ya Kimutai. Kimutai ndiye aliniambia. Ni mtu mkubwa, mikono ya kushika usukani, lakini aliongea akiangalia chini.

"Mama alisema, 'Acha hii kukimbia. Usipite tena kona. Ukienda, ni wewe ama ni huyu mtoto.' Bibi yangu akasema, 'Mama, nikiacha kukimbia nitakufa kama mama yangu.' Mama akasema, 'Watu wanakufa wakiwa nyumbani wanafunikwa macho. Wewe utafunikwa na nani pale?' Bibi akaniangalia mimi. Alikuwa anangoja niseme kitu."

Nikamwuliza alisema nini.

"Nilisema, 'Skiza mama.'"

Mnaweza kusikia jogoo kwa hiyo rekodi, na hakuna kitu kingine.

Mama Kiplimo akaacha. Hakuacha kwa ajili ya Kogo, na hakuacha kwa ajili ya Kimutai. Aliacha ile siku alimwona yule mtoto amesimama geti anamngoja, akakumbuka "ni wewe ama ni huyu mtoto." Kogo akachukua viatu, akavificha. Geti ikawekwa kufuli, na ufunguo ukakaa kwa shingo ya Kogo. Maziwa ikarudi kwa boda.

Mwanzoni alijaribu kukimbia hapo ndani, kuzunguka zizi la ng'ombe. Kogo akaita kwa dirisha, "Hata hapo, Mama Kiplimo." Akaacha hata hapo. Akaacha na kuchuchumaa. Kichwa kikarudi kuuma. Dawa alikuwa anakunywa leo, kesho anasahau, kwa sababu mtu akinyang'anywa kitu kimoja, na kile kingine anakiacha kianguke. Kliniki wakampima. Nesi akamwuliza, "Bado unakimbia?" Akasema, "Niliacha." Nesi akamwuliza kwa nini. Mama Kiplimo akashika mkoba wake, akaenda nyumbani.

Chepkemoi anasema kitu cha kushangaza ni ile barabara. Hapa boma iko karibu na barabara. Asubuhi kukiwa na ukungu, na Mama Kiplimo amekaa jikoni, wote wameshika vikombe, walikuwa wanasikia hatua nje. Ta, ta, ta, ta. Zinatoka upande wa kona. Zinafika kwa geti. Zinasimama.

"Na mlifanya nini?" nikamwuliza.

"Hakuna aliyeenda kuangalia. Tungeangalia nini? Mwenye hizo hatua tulikuwa tumekaa naye."

Sasa hii asubuhi ya mwisho, nitaisema polepole.

Ilikuwa Jumatatu, wiki iliyopita. Kogo alikuwa bado hajatoka kwa nyumba yake. Mama Kiplimo alikuwa anawasha moto. Yule mtoto, Jepleting mdogo, ambaye sasa ako shule, akaingia jikoni na yunifomu. Akamwambia, "Anti, viatu zako ziko kwa stoo, chini ya magunia ya mbegu."

Hakuna aliyemwambia huyo mtoto. Kogo ameapa hakumwambia.

Walienda pamoja. Viatu vilikuwa hapo. Panya walikuwa wamekula kamba ya kiatu kimoja. Mtoto akafungua utepe wa nywele zake, akampa. Mama Kiplimo akaufunga kwa kile kiatu. Kiplimo aliwaona kwa mlango, lakini alifikiri wanacheza. Anasema mama yake alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sana.

Ule utepe ni wa shule. Na rangi ya shule yao mnaijua. Ni nyekundu.

Geti ilikuwa na kufuli, lakini ua una pengo pale nyuma, ng'ombe walivunja. Akapita hapo. Hakuwa na mtungi. Hakuwa na kazi ya kuibia. Alitoka tu, ndani ya ukungu, akaanza kukimbia. Akakimbia vile alikuwa anakimbia zamani, kwa nguvu yote, akapanda mpaka kona.

Sitati alikuwa anatoka kubeba mteja. Haya ni maneno yake.

"Niliona sweta. Niliona kiatu, kamba nyeupe. Niliona kiatu ingine, kamba nyekundu. Nikasimamisha pikipiki mbali. Nikasema, hapana, hii mimi nimeshaiona, hii si mtu. Nitaenda kuita watu na watanicheka tena. Halafu akakohoa. Ile mara ya kwanza hakukohoa. Nikakimbia, nikamwinua kichwa. Nikamfunika na jaketi. Aliongea, dada. Aliuliza, 'Sitati, nani yuko nyuma yangu?' Nikaangalia. Barabara ilikuwa tupu. Nikamwambia, 'Hakuna mtu, Mama Kiplimo.' Akasema, 'Sawa. Basi amefika nyumbani.'"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya Jepleting. Sawa, basi amefika nyumbani.

Sitati ndiye alimfunika macho.

Na nyumbani, wakati huo huo, Jepleting mdogo alikuwa kwa meza anakunywa uji. Miguu yake ilikuwa inacheza chini ya kiti, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Ikasimama. Chepkemoi akageuka kuangalia. Mtoto akapiga chafya. Kogo alikuwa ameingia tu, amekaa. Akaweka kikombe chini. Akatoa ufunguo kwa shingo, akaenda kufungua geti, akasimama hapo mpaka pikipiki ya Sitati ikatokea.

Wasikilizaji, kuna wanaosema yale Sitati aliona yalitimia, na hakuna mtu angeyazuia. Sitabishana nao. Mimi pia nilienda pale kona, mchana, na sikukaa. Lakini nilimwuliza daktari aliyempima baada ya kifo. Alisema ni presha. Mshipa ulipasuka kichwani. Akasema presha ya mtu aliyeacha mazoezi na kuacha dawa inapanda bila kelele. Akasema aliyeacha muda mrefu haanzi tena kwa mbio. Anapimwa kwanza, anarudia dawa, anaanza kwa kutembea, siku kwa siku. Na akasema kama asingeacha, angekuwa na sisi. Hakusema labda. Nilimwuliza mara mbili.

Kwa hivyo mtoto asilaumiwe. Narudia, kwa wale wanaonong'ona kwa kisima na kwa soko: mtoto asilaumiwe. Alimpa anti yake kitu chake.

Kogo hakutaka kuongea kwa mazishi. Lakini udongo ulipoisha, alisimama na fimbo yake, akasema haya mbele ya watu: "Mimi nilifunga geti. Na mkono yangu. Nilikuwa nazuia kifo isiingie, kumbe nilikuwa nayo ndani. Huyu alikuwa anaitoroka kila asubuhi, na mimi nikamshika, ndiyo imfikie." Halafu akaangalia kaburi, akasema lile jina alilokataza. Akalisema kwa nguvu. "Jepleting."

Kichwa kimoja tu kiligeuka.

Siku hizi geti haifungwi. Mtungi wa maziwa umerudi kwa boma, na anayeupeleka ni Kimutai, siku hana safari. Anatembea tu, pumzi inamwishia mapema, wale vijana wa waru hawamchokozi. Jepleting mdogo anatangulia mbele. Anakimbia mpaka kwa mikaratusi, anasimama, anageuka nyuma, anacheka. Kogo alimwuliza jana, nikiwa hapo, "Wewe, unachekea nani?"

Mtoto akasema, "Anti. Anakimbia nyuma yangu. Nikisimama, anasimama."

Kogo akavuta lesso, akajifunika vizuri. "Basi usisimame," akamwambia. "Kimbia."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tunaofanya kipindi hiki, na kwa niaba yenu mliomjua kwa hatua tu bila sura, tunampa pole Kimutai. Pole Kiplimo na wadogo zako. Pole Chepkemoi na Kimeli. Pole Sitati, ambaye watu walimcheka. Pole Kogo, na tunakuombea usingizi.

Na wewe uliye hapo na redio, fikiria kidogo. Kuna mama kwa nyumba yako. Angalia chini ya kitanda chake kama kuna viatu, na kama viko, angalia kama vina vumbi. Mwulize alipimwa presha lini. Mwulize ni kazi gani unaweza kumshikia asubuhi, ndiyo asilazimike kuiba. Na kesho, kukiwa na ukungu, ukisikia hatua zinakuja kwa barabara, zifike kwenu, zisimame, usiulize nani anamfukuza.

Amka tu, umfungulie geti.